Jibu: Tezi ya thaimasi ya mtoto kusinyaa baada ya surua

Pole kwa kuuguza, dada wa Mafinga. Umeuliza kama kinga ya mwanao wa miezi 14 imekwisha, kwa kuwa picha ya kifua aliyopigwa akiwa na surua na nimonia imeonyesha thaimasi imesinyaa.

Haijaisha. Tezi hiyo, iliyo nyuma ya mfupa wa kidari, ndiyo inayokomaza chembe T, yaani chembe nyeupe za damu zinazopambana na maradhi, na mtoto anapougua sana, homoni za mwili ulio taabani huua chembe changa zilizomo, nayo hunywea ndani ya siku chache. Akipona na kula vizuri, kwa kawaida hujaa tena. Katika wodi ya watoto hapa Mbeya nimewahi kuinua dirishani picha mbili za mtoto mmoja: katika ya kwanza kivuli cha tezi hakikuonekana, katika ya pili, miezi miwili baadaye, kilikuwa kimetanda kama tanga la jahazi.

Kwanza hakikisha amepimwa VVU, kwani virusi hivyo hushambulia thaimasi yenyewe. Kipimo cha kingamwili, yaani protini ambazo mwili hutengeneza kupambana na kirusi, kikiwa chanya, kithibitishwe kwa kile kinachotafuta kirusi, maana kingamwili za mama huweza kubaki hadi miezi 18.

Linalonitia wasiwasi zaidi ni surua, kwa sababu hufuta kumbukumbu ya kinga aliyokwisha kuijenga dhidi ya maradhi mengine. Kwa hiyo akipata homa au akipumua haraka, mwahishe hospitali, usisubiri kupambazuke. Nenda na kadi ya kliniki, uulizie vitamini A, na chanjo ya miezi 18 asiikose.