Hifadhi ya nyaraka chuoni: majibu kwa dada anayeanza mafunzo Kampala

Dada, umeuliza mtu anayefanya mafunzo katika hifadhi ya nyaraka ya chuo kikuu hushinda akifanya nini, na kama ni kweli kazi ni kupangusa vumbi tu. Mimi ni mtoto wa Jinja, Kiswahili nimekirithi kwa baba aliyekuwa askari, na kazi hiyo nimeifanya miaka sita katika chuo ambacho sitakitaja. Vumbi lipo, na barakoa uje nayo. Lakini kazi yenyewe hasa ni orodha. Faili ambalo halimo kwenye orodha, kwa msomaji ni sawa na faili lililoungua.

Kabla ya orodha kuna mpangilio, na hapo ndipo nilipokosea mwanzoni. Nilipewa boksi la barua kutoka ofisi moja iliyofungwa zamani. Nikaona zimechanganyika, nikazipanga upya kwa tarehe, siku mbili nzima, nikijua nasaidia. Mzee aliyekuwa akinifundisha alipofungua boksi alikaa kimya kwanza, kisha akaniambia, "Mwanangu, karani aliziweka hivi kwa sababu zake." Ombi la mtu lilikuwa limebanwa pamoja na jibu lake, na nyuma yake risiti ya malipo. Nilipozitawanya kwa tarehe, risiti ikabaki peke yake na hakuna tena aliyeweza kujua ililipia nini. Ilinichukua wiki tatu kuzirudisha. Kilichonisaidia ni kutu: pini za zamani huacha alama ya hudhurungi kwenye karatasi zilizogusana, kwa hiyo nilizilinganisha alama kwa alama, tundu kwa tundu, mpaka zikakubaliana. Tangu siku hiyo pini iliyooza naiondoa taratibu, ila mfuatano siugusi kabla sijauandika kwa penseli. Na ni penseli siku zote. Kalamu ya wino haiingii chumba kile.

Ukiacha mikono yetu wenyewe inayovuruga mpangilio, adui wa pili ni maji. Mvua ya Aprili iliwahi kupenya dari yetu usiku, tukakuta maboksi yameloa. Mwenzetu mmoja kwa nia njema alitaka kuzianika karatasi juani. Usifanye hivyo kamwe! Jua hukunja karatasi na kupausha wino. Kinachotakiwa ni hewa: madirisha wazi, feni kama umeme upo, karatasi nyeupe za kunyonya maji katikati ya kurasa, na kuzibadilisha mara kwa mara. Ukichelewa siku mbili hivi, ukungu unaanza kuota. Picha zilizolowana zitenganishe zikiwa bado mbichi, maana zikikauka zikiwa zimeshikana hutaziachanisha tena. Glavu nazo ni za picha na negativu, yaani zile filamu za kusafishia picha. Kwa karatasi za kawaida mikono safi na mikavu inatosha, tena ni bora, kwa sababu glavu nene hurarua kingo bila wewe kuhisi. Ukifungua kopo la filamu ukasikia harufu ya siki, litenge na mengine siku hiyohiyo: filamu hiyo imeanza kuoza, na mvuke wake huharakisha kuoza kwa zilizo jirani.

Unakumbuka moto wa Chuo Kikuu cha Makerere wa Septemba 20, 2020, ulioteketeza paa la jengo kuu lililojengwa mwaka 1941. Mimi asubuhi ile nilisimama mbele ya rafu zetu nikijiuliza, hivi vyumba vyetu vikiungua leo, tutaweza hata kusema tumepoteza nini? Kwa zaidi ya nusu ya maboksi jibu lilikuwa hapana.

Jambo moja fupi lakini zito: siri za watu. Utakutana na mafaili ya nidhamu, na mahali pengine kumbukumbu za wagonjwa, kama zile za hospitali ya Mengo aliyoianzisha daktari mmisionari Albert Cook mwaka 1897. Uganda ina sheria ya kulinda taarifa binafsi tangu 2019. Usipige picha kwa simu ukaituma WhatsApp, hata kwa mchumba.

Sasa nirudi kwenye orodha. Wengi hawajui kwamba mwaka 1927 Gowers, gavana Mwingereza wa Uganda, alitaka Kiswahili kiwe lugha ya shule na utawala katika sehemu kubwa ya Uganda, na Kabaka Daudi Chwa, mfalme wa Buganda, akapinga waziwazi. Katika jeshi na polisi Kiswahili kilibaki. Ndiyo maana maboksi ya zamani yana barua nyingi za Kiswahili, na aliyeorodhesha za kwetu kabla yangu hakukijua. Aliandika tu "barua za kienyeji" kwa boksi zima. Nilikaa nazo miezi minne, barua moja moja: mjane anadai haki za marehemu mumewe, askari anaomba likizo akazike. Kila jina nililiandika kama lilivyo kwenye barua, na kando nikaweka namna nyingine za kuliandika, Selemani na Sulemani na Suleiman, kwa sababu mjukuu atakayekuja kulitafuta hajui karani wa siku ile alilisikiaje.

Na mjukuu alikuja, mzee wa makamo kutoka Bombo, akimtafuta babu yake. Tulimpata kwenye orodha kwa dakika chache. Barua ilipoletwa aliniomba nimsomee kwa sauti, macho yake yalikuwa hayaoni vizuri. Nikasoma. Nilipofika kwenye jina la shahidi, mstari wa mwisho, alininyooshea mkono niache kusoma kwanza. "Huyo," akasema, "ni kaka yake bibi yangu. Kaburi lake tunalijua, ila hatukujua kwamba alikuwa anajua kuandika."

Jina la shahidi sikuwa nimeliorodhesha. Nililiongeza alasiri ileile, kisha nikarudi boksi la kwanza kuanza kuwaandika mashahidi wote.