Kuchonga manifodi ya Corolla ya injini ya 5A: inalipa?

Kaka, uliyeuliza kama fundi wako hapo Tabora akichonga manifodi ya kuingiza hewa (mabomba yanayopeleka hewa kwenye silinda) gari litapata nguvu zaidi: litapata, ila kidogo, na juu kwenye mizunguko mikubwa ya injini. Huko barabara ya Kigoma unahitaji mvuto wa chini, na mvuto huo unatokana na njia ndefu, nyembamba, ambazo hewa hupita kwa kasi. Akizipanua sana, gari litakuwa zito kuondoka.

Kazi yenye maana ni kulinganisha matundu ya manifodi na ya hedi (kichwa cha injini). Aifungue manifodi kabisa (asichonge ikiwa kwenye injini, unga wa alumini ukiingia silinda umekwisha), aweke gasketi mpya juu ya matundu, achore mstari, kisha aondoe ngazi zinazobaki kati ya manifodi na hedi pamoja na mikwaruzo ya kiwandani. Kung'arisha mpaka ujione uso hakuna faida. Uso wa kufungia usiguswe na grainda. Ukipinda kidogo tu hewa itavuja, na injini itapandapanda gari likiwa limesimama.

Halafu Tabora iko kama mita 1,200 juu ya usawa wa bahari. Hewa ni nyepesi, kwa hiyo injini isiyo na tabo (feni ya kusukumia hewa kwenye injini) imeshapoteza zaidi ya asilimia 10 ya nguvu zake hata kabla hujagusa kitu. Msasa hauirudishi hiyo. Anza na chujio la hewa, maana vumbi la kiangazi huko nalijua, usafishe na throto (mlango wa hewa unaofunguka ukikanyaga mafuta). Mimi hela ya kuchonga ningenunulia plagi.