Forodhani Jumamosi usiku: bei kwanza, ndipo samaki aingie motoni

Mkuu, simama hapo hapo. Umeandika kwamba kijana unayewasiliana naye kwa simu amekwambia kwenye soko la vyakula la bustani ya Forodhani, Mji Mkongwe Zanzibar, Jumamosi usiku "mnachukua sahani, mnachagua, mnakula, mnalipa mwishoni", na wewe umepanga kwenda hivyo na mkeo na watoto. Usithubutu! Maneno hayo hayo niliambiwa mimi, na yalinitoa zaidi ya laki na nusu kwa chakula cha watu wanne.

Mchezo wenyewe uko hivi. Magharibi ikiingia, meza zinapangwa bustanini, bahari upande mmoja na Ngome Kongwe upande wa pili. Wapishi wamevaa kofia ndefu nyeupe, mishikaki imelazwa kwa mistari: pweza, ngisi, jodari, kamba, na kambakoche amewekwa mbele kabisa ili mtoto amwone. Muuzaji anakupitisha meza nzima akitaja kila kitu kwa jina, na kila ukitikisa kichwa anaweka kijiti kwenye sahani. Wewe unadhani bado unaonyeshwa, kumbe mwenzako anahesabu. Nikauliza bei, nikajibiwa, "Wewe chagua tu kaka, pesa tutafahamiana." Zikaja chipsi, chapati na kachumbari ambazo hakuna aliyeziagiza. Nikazipokea kama ukarimu wa mwenyeji. Zote zilikuwemo kwenye hesabu.

Chakula kikishapita motoni huna tena la kusema. Pweza aliyechomwa harudi mezani, watoto wameshatia mikono, watu nyuma yako wanasukumana, na bei haijaandikwa popote. Unatajiwa jumla tu. Ukibisha, wanahesabu vijiti upya mbele yako na vinatimia kweli, maana kilichofichwa tangu mwanzo ni bei ya kijiti.

Na mpishi simlaumu kama ninavyomlaumu papasi, yule kijana wa mtaani anayejifanya mwongozaji wa wageni. Huyo ndiye aliyenivusha meza nyingi bila kuzitazama, akanisimamisha kwenye moja, akaniapia kwamba kuuliza bei ni kumvunjia heshima Mzanzibari. Uongo mtupu! Wazanzibari wenyewe niliowakuta pale walikuwa wanauliza bei kabla hata ya kusogea. Hesabu ilipofika, papasi alikuwa ameshapotea kwenye umati. Mtu kama huyo hulipwa kwa kila mgeni anayemleta mezani, na fedha hiyo inatoka kwenye sahani yako. Anayekukataza kuulizia bei ana sababu yake.

Kwa hiyo: bei kwanza. Taja kwa sauti, "Mishikaki mitatu ya pweza, miwili ya nguru, jumla shilingi ngapi?" Ukubali, ulipe kwa noti ndogo ulizobeba, ndipo mishikaki iende jikoni. Sahani ishike mwenyewe, usiruhusu mkono wa mtu uongeze kitu. Akisema mtafahamiana, muage kwa heshima, meza ya pili iko hatua chache tu.

Samaki wenyewe mara nyingi wameshapikwa mapema na hapo wanapashwa moto tu. Omba kijiti kibichi, ukione kikianza kuiva mbele yako. Mimi siku hizi napita zile meza moja kwa moja naenda kwenye urojo: rojo la moto la njano lenye ukali wa embe bichi, ndani bajia, kachori, viazi na mishikaki ya nyama, juu chatini na chipsi za muhogo. Watoto wachukulie piza ya Zanzibar, ule unga mwembamba unaofungiwa nyama ya kusaga na yai na kukaangwa papo hapo, na juisi ya miwa yenye tangawizi na ndimu. Huko nako uliza bei kwanza.

Fika kabla jua halijazama, vijana wanajirusha baharini kutoka ukutani na wanao watafurahi kutazama. Beit al-Ajaib, jumba la maajabu la Sultani Barghash la mwaka 1883, iko hapo hapo. Sehemu yake iliporomoka Desemba 2020, kwa hiyo itazameni kwa nje mwanga ukiwepo.

Na huyo kijana wa simu mwambie leo leo kwamba mtakwenda wenyewe. Kutoka bandarini Malindi ni mwendo wa miguu, fuateni barabara ya pwani, na yeyote mtakayemuuliza njiani anaijua Forodhani.