Posho ya mafunzo: niende au nibaki shambani?

SWALI: Dada, nipo Newala, nimemaliza fomu siksi. Kuna mafunzo ya miezi miwili ya kuhamasisha jamii, wanalipa posho, ila baba anasema hiyo ni siasa bora nikapalilie mikorosho. Nifanyeje?

JIBU: Nenda mdogo wangu, ila kwanza uliza posho inalipwa lini na uipate kwa maandishi. Kuhamasisha jamii ni kuwavuta watu washiriki mambo yao, kama mkutano mkuu wa kijiji: ni kila miezi 3, mwenye miaka 18 anaingia, lakini vijana wetu hawaendi kabisa na inaniuma. Niliwahi kumuona binti kwenye mkutano huo chini ya mwembe, daftari limekunjamana, mkono unatetemeka, akauliza hela ya kisima iko wapi, wazee wakanyamaza, mwenyekiti akaanza kusoma upya mapato na matumizi. Baba mwambie utapalilia jumamosi.