Maswali ya ubaoni ya Dantzig hayakuwa ya simpleksi
Wapo wanaodhani kwamba mbinu ya simpleksi, yaani njia ya kihesabu ya kutafuta mpango bora kwa rasilimali zenye kikomo, ilitokana na yale maswali mawili ambayo mwanahisabati Mmarekani George Dantzig aliyakuta ubaoni akadhani ni kazi ya nyumbani. Hapana, hayakuizaa. Yalikuwa maswali ya takwimu ambayo hayajatatuliwa bado, darasani kwa mwanatakwimu Jerzy Neyman, Chuo Kikuu cha Berkeley, Marekani, 1939. Alichelewa kuingia, akayanakili, na siku chache baadaye akamwomba mwalimu radhi kwa kukawia kuyamaliza. Amekisimulia kisa hiki mwenyewe kwenye mahojiano. Simpleksi aliibuni 1947, akishughulikia mipango ya Jeshi la Anga la Marekani.

Ila mwaka huohuo wa 1939, huko Leningrad, mwanahisabati Leonid Kantorovich alishachapisha njia ya kutatua matatizo ya aina hiyohiyo ya simpleksi, kama kugawa kazi kwa mashine za plaiwudi. Nobeli ya uchumi ya 1975, kwa kazi ya aina hii, wakapewa yeye na mwanauchumi Koopmans. Dantzig kuachwa nje kunaniuma mpaka leo.