Lushoto kwa miguu, siku mbili bila gari

Kwa siku mbili bila gari Lushoto, kwenye milima ya Usambara, anza na Irente, ukingo wa mlima wenye mandhari ya kutazama mbali. Kutoka Lushoto mjini ni kama kilomita 6, barabara ya vumbi inayopanda taratibu katikati ya mashamba ya maharage na migomba. Ukifika kileleni ardhi inakatika ghafla: chini kabisa unaona nyika ya Mazinde na barabara kuu, malori yakionekana kama siafu. Usiende alfajiri, ukungu mara nyingi hufunika kila kitu. Wakati wa kurudi pita Irente Farm ule jibini na mkate wao, ndipo wengi tunapokaa muda mrefu kuliko tulivyopanga!

Siku ya pili nenda msitu wa Magamba. Ni hifadhi ya TFS (Wakala wa Huduma za Misitu Tanzania), kuna kiingilio na ni vyema kuwa na mwenyeji wa kukuongoza maana vijia vinapotea. Angalia juu, mbega wapo.

Masika (Machi hadi Mei) udongo mwekundu unateleza vibaya, vaa viatu vyenye meno. Juni na Julai beba sweta, baridi ya kule si mchezo. Matunda nunua sokoni kabla hujatoka.