Kabla ya kuisoma molekuli, usafishe uso wa metali

Msomaji mmoja anayeandaa tasnifu yake ameniandikia akiuliza kwa nini ethilini (gesi yenye kaboni mbili na hidrojeni nne) aliyoinatisha juu ya platini baridi hairudi yote ikiwa ethilini anapoipasha moto metali, bali hidrojeni hutoka kwa mikupuo. Swali hilo ndilo lililonijengea jina katika kazi hii, baada ya msimamizi wangu kutamka mbele ya wenzangu kwamba vilele vya hidrojeni kwenye grafu zangu ni uchafu wa chombo cha majaribio. Maneno yale yananiuma hadi leo.

Havikuwa uchafu. Kwenye ubaridi ethilini hujishikiza ikiwa nzima, kaboni zake mbili zikifungamana na platini. Halijoto inapokaribia kelvini 300, yaani joto la kawaida la chumba, sehemu yake huachia ikaondoka, na inayobaki hupoteza hidrojeni moja kati ya nne kisha husimama wima: kaboni ya chini imeshikwa na atomi tatu za platini, ya juu imebeba hidrojeni tatu. Hizo tatu hutoka joto linapozidi, kwa hiyo mikupuo ya baadaye kwa jumla hukaribia mara tatu ya ule wa kwanza. Niliutetea uwiano huo peke yangu, na ninajivunia.

Ushauri wangu ni kusafisha uso. Hata ndani ya chombo kilichoondolewa karibu hewa yote, katika shinikizo la sehemu moja ya milioni ya tori (kipimo cha shinikizo), mabaki ya gesi yanaweza kuufunika uso kwa takriban sekunde moja. Mwaka 1978 wanakemia Wachs na Madix walionyesha jinsi oksijeni kidogo iliyotangulia juu ya shaba inavyoinyang'anya methanoli, aina ya alkoholi, hidrojeni yake, hata ikaishia kuwa formaldehidi, ilhali shaba safi huirudisha methanoli karibu yote. Basi safisha, pima, kisha safisha tena. Anayekimbilia kuchora grafu kabla ya hapo anaidhulumu sayansi na anajidhulumu mwenyewe.

Katika kipimamasi, kifaa kinachopima uzito wa molekuli zinazotoka, usiiamini masi 28 ya ethilini pekee, kwani monoksidi ya kaboni nayo ina 28. Fuatilia pia 27 na 26, ambazo ni vipande vya ethilini. Halafu rudia jaribio kwa ethilini yenye deuteri, yaani hidrojeni nzito, badala ya hidrojeni ya kawaida. Hidrojeni ya kuta za chombo itabaki kwenye masi 2, na ile iliyotoka katika molekuli yako itahamia kwenye 4. Vilele vyangu vilihamia, na msimamizi akatia saini.